Sifa za Mkadiria Nuru

Katika kazi zote za kamera sijui iliyo kali katika hukumu yake kama kupiga slaidi kwa kamera isiyo na kipima mwanga. Kwani picha ya karatasi hupita mikononi mwa fundi wa chumba cha giza, naye aweza kuisitiri aibu ya mpigaji kwa kuzidisha hapa na kupunguza pale, ilhali slaidi ni filamu ile ile iliyokuwamo kamerani, ikasafishwa, ikatiwa katika fremu yake ndogo, na kosa la daraja moja la mwanga, yaani maradufu au nusu ya nuru ifaayo, likadhihirika ukutani mbele ya wageni wote.

Tutazame filamu ya slaidi ya Kodachrome, iliyoanza kutiwa katika kamera za milimita 35 mwaka 1936, pamoja na Argus C3 ya Ann Arbor, Michigan, kamera nzito mfano wa tofali, iliyoundwa tangu 1939 hadi 1966. Filamu ile ya awali, ambayo wepesi wake ulikuwa ASA 10 tu, ilikuwa na kanuni yake mashuhuri: jua likiwaka, tundu la lenzi f/6.3, na muda sehemu moja ya 50 ya sekunde. Utando ukilifunika jua, fungua daraja moja. Mawingu yakitanda, mbili au tatu.

Asiyejua atadhani huko ni kubahatisha. La hasha! Jua la mchana ni taa isiyogeuka, na kanuni hii huihesabu nuru imwangukiayo mtu, wala si ile inayorudi kutoka kwake. Kwa hiyo bibi harusi aliyevaa gauni jeupe na bwana wake mwenye koti jeusi hupewa kipimo kimoja, yule hutoka mweupe na huyu mweusi, ilhali kipima mwanga kikielekezwa kwenye gauni lile hughurika, kikamfanya bibi wa watu kuwa rangi ya majivu. Na penye shaka, mkadiriaji mwenye busara huwa bahili, kwa sababu weupe uliozidishiwa nuru hubaki filamu tupu isiyo na alama, bali kiza hufichua mengi mbele ya taa ya projekta, na rangi zake aghalabu huwa nzito na za kupendeza zaidi.

Kuna wanaopiga picha tatu za jambo moja ili wapate moja iliyo sawa. Siwalaumu, ingawa filamu ni ghali na tabasamu la mtoto halingoji. Mimi humsifu zaidi yule aliyekuwa na daftari, aliyeandika hali ya jua na tundu la lenzi kwa kila picha, kisha akasubiri slaidi zirudi kwa posta kutoka Kodak, ambako hadi 1954 Wamarekani walisafishiwa kwa bei ile ile waliyonunulia filamu, akazilinganisha na maandishi yake. Kamera ya bei nafuu huwa na shata, yaani mlango wa nuru, inayofunga polepole kuliko namba iliyochorwa juu yake; lakini ikikosea sikuzote kwa kadiri moja haina dhara, maana mwenyewe hulifinya tundu kidogo kupita f/6.3, akaendelea na kazi yake.