Wapigapicha Wanaorudi

Siku hizi bibi harusi hajashuka garini, picha zake zimeshafika Muscat. Sina ugomvi na simu. Ila wapo wapigapicha wanaochagua mtu mmoja, au mji mmoja, wakamng'ang'ania au kuung'ang'ania miaka na miaka, na hao ndio ninaowavulia kofia.

Mwaka 1994, katika kituo cha wakimbizi mjini Leiden, Rineke Dijkstra wa Uholanzi alimpiga picha binti mdogo aliyetoka Bosnia. Mtoto amevalishwa nguo nzuri, ameketi kitini, miguu inaning'inia. Dijkstra akarudi baadaye, akarudi tena, hadi mwaka 2008 picha zikawa 11. Ukizitazama kwa mpangilio, macho yenyewe yanakimbilia miguuni: hapa inaelea, pale imefika sakafuni. Viatu vinabadilika, nywele nazo, na mwisho binti amekuwa mama, amempakata mwanawe. Vita vya Bosnia havionekani popote, wala havitajwi.

Kamera anayoitumia Dijkstra ni ile kubwa ya kusimamishwa kwenye stendi, inayolishwa filamu moja moja, kila moja upana wa kiganja. Kwenye kioo cha nyuma mtu huonekana kichwa chini, miguu juu, na mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi ili aone vizuri. Ni kazi ya taratibu. Anayepigwa huanza kwa kujikaza, kifua mbele, uso wa kitambulisho. Lakini pozi lina uzito wake. Ukingojwa vya kutosha mabega yanashuka, mkono unakosa pa kukaa, na uso unasahau ulichokusudia kuonyesha. Wengi wetu tungekuwa tumeshabonyeza na kuondoka. Subira hiyo naiheshimu kuliko lenzi yoyote ya bei mbaya.

Huku kwetu nako kuna kazi za kutazamwa. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanyia kazi Kenya, alimpiga mwanamke mwenye ualbino mitaani Kibera, na mwaka 2016 mradi huo ukampatia tuzo ya ugunduzi katika tamasha la picha la Arles, Ufaransa. Mwanamke yule hakupigwa kwa kuviziwa wala kwa kuonewa huruma. Anajua anatazamwa, naye anatazama.

Lakini nikiambiwa nichague, nakwenda Lubumbashi, Kongo. Sammy Baloji alizaliwa huko mwaka 1978, mji ukiishi kwa shaba ya Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière ya Wabelgiji. Katika mradi wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alipiga picha za rangi za viwanda vilivyobaki magofu. Kisha akaenda kwenye nyaraka za zamani, akawakata humo wafanyakazi wa enzi ya ukoloni, wakiwa bado katika rangi nyeusi na nyeupe ya filamu ya kale, akawasimamisha katikati ya chuma kilicholiwa na kutu. Mabwana wa Kizungu nao wamo, na kofia zao. Maungio hayakufichwa: unaona wazi kwamba hawa si wa wakati huu. Nguvu yote imo humo, maana mtazamaji analazimika kuwauliza wenye jasho ni nani aliyekula faida, na kuwauliza walio hai ni nani aliyeacha mitambo ioze.

Baloji na wenzake ndio walioanzisha Picha, jumuiya inayoandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Lubumbashi, na nyuma yake wamekuja wengine. Georges Senga, mwana wa mji huohuo, amemfuatilia mwalimu mmoja anayefanana na Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na aliyeamua kuishi kwa mfano huo, miwani, nywele na yote. Senga akaziweka picha za mwalimu huyo bega kwa bega na picha za zamani za Lumumba. Kuna mahali unamtazama mwalimu ukidhani ni waziri mkuu, unasogea karibu, unagundua, kisha unarudi kwa Lumumba mwenyewe ukiwa huna tena uhakika ni nani anayemwiga mwenzake.