Kitanzi Chini ya Meza: Jinsi Mafundi wa Mitandao ya Vyuo Wanavyofundwa

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipowashwa na kuiunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kwa faiba iliyolala chini ya bahari, vyuo vya Afrika Mashariki vilishusha pumzi. Mwaka huohuo ukaja TEAMS, na mwaka uliofuata EASSy. Kabla ya hapo chuo kizima kiliweza kugawana uwezo wa dishi moja la setilaiti. Kila pakiti ilipanda kilomita karibu 36,000 angani na kushuka, na jibu lake likarudi kwa njia hiyohiyo, hata zaidi ya nusu sekunde ikaisha kabla ukurasa haujaanza kufunguka. Faiba ilipofika, wahadhiri walitarajia kuiona tofauti siku hiyohiyo. Wengi hawakuiona. Bomba lililoingia getini lilikuwa pana, lakini kutoka getini hadi mezani kwa mhadhiri maji yalipita kwenye viungo vilivyoungwaungwa miaka kumi bila mchoro. Tatizo lilikuwa limehama baharini, likaingia kwenye korido.

Huko kwenye korido ndiko anakofanya kazi fundi wa kitengo cha TEHAMA, na kwa muda mrefu hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alisomea kuandika programu, au alikuwa hodari wa kutengeneza kompyuta, siku moja akakabidhiwa swichi arobaini. Ningependa tuangalie jinsi warsha za mafundi hawa zilivyojengwa, kwa sababu zipo zilizofaulu kubadilisha mitandao ya vyuo vyetu, na ukizichunguza utaona kwamba kufaulu kwake kulitokana na maamuzi machache ya kiufundi na ya kibinadamu.

Mizizi ya warsha hizi iko kwenye AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao ya Afrika, ambayo warsha yake ya kwanza ilifanyika Cape Town mwaka 2000. Profesa Nii Quaynor wa Ghana alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Warsha ikawa inahama mji hadi mji: Nairobi 2006, Kigali 2010, Dar es Salaam 2011. Nyuma yake, na nyuma ya warsha nyingine nyingi zilizolenga vyuo moja kwa moja, kulikuwa na NSRC, kituo kidogo kilichopo Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani. Kwa upande wetu zikawepo taasisi za mitandao ya elimu na utafiti: KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania, RENU ya Uganda, na juu yao UbuntuNet Alliance yenye makao yake Lilongwe. Taasisi hizi zilielewa mapema jambo moja. Hakuna faida ya kukiuzia chuo mwanachama uwezo mkubwa wa intaneti ikiwa utaishia kwenye chumba cha seva.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba mshiriki asikae kusikiliza. Anaingia ukumbini siku ya kwanza, anawekwa kwenye kikundi, na kikundi kinakabidhiwa chuo kizima cha kubuni: ruta ya mpakani, ruta ya kati, swichi za majengo, swichi za vyumba. Vifaa hivi mara nyingi vinaendeshwa ndani ya kompyuta moja ndogo iliyofungwa kwenye kona ya ukumbi. Mshiriki anaingia kwa kompyuta mpakato yake na kuandika amri zilezile ambazo angeziandika kwenye kifaa halisi. Ni nafuu kubwa. Zamani mkufunzi alisafiri na masanduku ya ruta yaliyokwama forodhani wiki nzima huku washiriki wakiangalia slaidi.

Uamuzi wa pili, ambao nauona ndio roho ya jambo lote, ni wa mpangilio. Kitu kinaharibiwa kwanza, maelezo yanafuata.

Nichukue zoezi la kitanzi. Katika warsha niliyohudhuria, asubuhi moja mkufunzi aliweka mezani swichi tatu halisi, akaziunganisha kwa mstari, akachomeka kompyuta mbili na kutuonyesha zinasalimiana vizuri, milisekunde moja, milisekunde moja. Kisha akaizima itifaki ya STP, ile inayozuia vitanzi kati ya swichi, kwenye swichi zote na kumpa dada mmoja aliyekaa mbele waya mfupi. "Dada, unganisha hii ya kwanza na ya tatu." Akachomeka. Kwa sekunde moja hakuna kilichotokea. Halafu taa za milango yote zikaanza kuwaka na kuzima kwa pamoja, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, na kwenye skrini majibu yakakatika. Ukumbi ukanyamaza. Kaka aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Hii nimeiona kazini."

Tulikuwa tumeiona sote, kila mtu chuoni kwake, na hakuna aliyejua inaitwaje. Hapo ndipo mkufunzi alipoanza kueleza. Pakiti ya IP hubeba namba inayopungua kila inapovuka ruta, ikifika sifuri pakiti inatupwa. Kwa hiyo hata ikipotea njia, itakufa. Fremu ya Etheneti haina namba kama hiyo. Fremu ya tangazo, ile inayouliza "nani ana anwani hii?", hutolewa kwenye kila mlango isipokuwa ule iliyoingilia. Ikikuta kitanzi inazunguka, na kila mzunguko inajizalisha tena, hadi waya ujae. Mlango wa gigabiti 1 unaweza kupitisha fremu ndogo zaidi ya milioni 1.4 kwa sekunde moja. Akili ya swichi inazama, na kompyuta zote za jengo zinalazimika kusoma tangazo lilelile.

Kisha akairudisha STP, kazi ya Radia Perlman wa mwaka 1985, na taa zikatulia. Lakini hakuishia hapo, akatuuliza: kati ya hizi tatu, ipi ndiyo mzizi, ile ambayo nyingine zote zinapima njia kwayo? Tukatafuta. Ilikuwa ile kuukuu kuliko zote. Sababu yake ni hesabu tupu. Kila swichi hutoka kiwandani ikiwa na kipaumbele kilekile, 32768, na zikilingana anashinda mwenye anwani ndogo ya kifaa, ambayo mara nyingi huwa ya kifaa cha zamani. Maana yake ni kwamba kwenye chuo ambacho hakuna aliyegusa mpangilio huo, swichi iliyosahaulika kwenye stoo ya maktaba inaweza kuwa ndiyo inayoamua data za chuo kizima zipite wapi. Umeme ukizimika maktaba, chuo kizima kinasita. Nilipoandika 4096 kwenye swichi ya kati na kuona mzizi ukihama palepale, nilielewa miaka miwili ya malalamiko ambayo tulikuwa tukimtupia mtoa huduma.

Sasa chuo nilichokuwa nikifanyia kazi. Kulikuwa na majengo 16 na mtandao mmoja mpana, kama ukumbi mkubwa usio na kuta, kila kifaa kikisikia kila kingine. Wiki moja ya mitihani mtandao ulianguka. Tukazima ruta na kuiwasha, tukampigia mtoa huduma, tukabadilisha betri za UPS, siku tatu zikapita hivyo. Siku ya nne mfanyakazi wa usafi ndiye aliyetuonyesha, chini ya meza kwenye maabara ya kompyuta, waya ambao ncha zake zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye swichi ndogo ileile. Mtu aliukuta umening'inia akadhani amefanya wema kuuchomeka.

Mwaka uliofuata, baada ya warsha, tatizo likatokea tena. Safari hii nilienda kwenye raki ya kati, nikachomoa majengo manane. Dhoruba ya matangazo ikaendelea, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye manane yaliyobaki. Nikachomoa manne, kisha mawili, kisha moja. Mara nne tu, na jengo likajulikana kabla chai ya saa nne haijaisha. Sikuwa na kifaa kipya hata kimoja. Nilikuwa na picha kichwani ya nini kinatokea ndani ya waya, na picha hiyo niliipata kwa sababu nilikiona kitanzi kwanza na jina lake likaja baadaye. Naamini kwa dhati kwamba kama ningepewa slaidi ya STP yenye mchoro mzuri nisingeikumbuka.

Kwenye warsha, zoezi linalofuata lile la kitanzi linamalizia hoja. Vikundi vinaambiwa vijenge kuta: kila jengo lipewe mtandao wake mdogo, yaani VLAN yake, na ruta ya kati iwe ndiyo mlango pekee kati ya jengo na jengo. Kisha mkufunzi anatengeneza kitanzi kilekile kwenye jengo moja. Jengo hilo linaanguka, mengine yanaendelea na kazi. Hapo huhitaji kumshawishi mtu yeyote. Kuhusu kebo za shaba kutovuka mita 100, faiba kutoka kila jengo kwenda moja kwa moja kitovuni badala ya jengo kushika mkia wa jengo, na mpangilio wa anwani, warsha hupita haraka zaidi, na ni sawa. Hayo mtu anaweza kuyasoma.

Siku za mwisho huwa za ufuatiliaji, na hapa nina programu moja ninayoipenda. Smokeping, isipobadilishwa, hutuma maulizo 20 kila baada ya dakika 5 na kuchora matokeo. Maulizo yakirudi kwa muda unaolingana mstari unakuwa mwembamba. Yakianza kupishana, moshi wa kijivu unatanda kuuzunguka. Ni picha ambayo hata makamu mkuu wa chuo anaielewa bila kuelezwa. Fundi aliyekuwa akiambiwa "mtandao mzito" sasa anaweza kuonyesha kwamba uzito unaanza saa nne asubuhi, upo kati ya jengo la utawala na kitovu, na kwamba laini ya nje ni safi kabisa. Programu kama LibreNMS humwambia mlango upi umejaa, na mfumo wa tiketi humkumbusha nani alilalamika lini. Zote ni programu huria. Warsha hizi ziliepuka kwa makusudi kufundisha mtambo wa kampuni moja tu, maana chuo kinachonunua kwa zabuni huishia na vifaa vya kila aina, na fundi aliyekariri menyu za kampuni moja anakwama zabuni inapobadilika.

Uamuzi wa tatu ulihusu nani anafundisha. Aliyefanya vizuri mwaka huu huitwa mwakani kusaidia kwenye meza, mwaka wa tatu anafundisha somo moja, baadaye anaongoza. Mafunzo yenyewe yako wazi, yeyote anaruhusiwa kuyachukua na kuyarekebisha kwa ajili ya kufundishia bila biashara. Ndiyo maana leo KENET au RENU inaweza kuandaa warsha na mkufunzi akawa mtu wa Eldoret au Mbarara. Tofauti inasikika. Slaidi ziko kwa Kiingereza, lakini kikundi kinapokwama majadiliano yote yanahamia Kiswahili, na mkufunzi wa hapa anajua kukaa pembeni na kuuliza, "Jamani, fremu ikitoka hapa inakwenda wapi?" Neno kitanzi lenyewe tulilipata hivyo. Hakuna kamusi iliyotupa, lakini kila mtu anajua kitanzi hufanya nini kinapokazwa.

Palipobaki udhaifu ni mlangoni, kabla warsha haijaanza. Nani anapelekwa? Mara nyingi barua ya mwaliko humfikia mkurugenzi, na posho ya safari inaamua mengine. Anakwenda mkuu ambaye hajashika waya miaka kumi, au kijana wa mkataba wa miezi mitatu ambaye cheti cha warsha ndicho kitakachomwondoa. Waandaaji wenye busara wanadai majibu kabla ya kukubali jina: unaingia kwenye ruta mwenyewe? Lete mchoro wa mtandao wenu, hata wa kalamu. Asiye na mchoro hakataliwi, bali anaambiwa auchore, na kuuchora tu kunamlazimisha kuzunguka majengo yote. Ningependa kila taasisi idai hivyo. Afadhali warsha ya watu 18 wanaoshika vifaa kuliko ya 60 wenye vyeti.

Na lipo lile la baada ya kurudi. Siku ya mwisho ya warsha yetu mkufunzi alitugawia karatasi na kutaka kila mmoja aandike jambo moja atakalobadilisha wiki ya kwanza, na jina la mtu ambaye idhini yake inahitajika. Wengi tuliandika VLAN, ufuatiliaji, anwani. Dada yule aliyechomeka waya aliandika neno moja: ufunguo. Raki ya jengo lao la mabweni ilikuwa ndani ya stoo ya ndoo na mifagio, na ufunguo alikuwa nao mlezi wa bweni, aliyeondoka saa tisa na nusu alasiri. Mkufunzi alikaa naye wakati wa chakula cha mchana, wakaandika barua ya mistari sita kwa msajili wa chuo, wakieleza ni saa ngapi za huduma hupotea kila swichi hiyo inapozimika jioni. Miezi miwili baadaye alinitumia picha kwa simu. Stoo ilikuwa tupu, mchoro wa mtandao umebandikwa ndani ya mlango wa raki, na juu ya mchoro, kwenye msumari, unaning'inia ufunguo wa pili.