Ndia Kuu si Kosa la Tahajia

Mwaka wangu wa pili chuoni niliandika insha kuhusu Mji wa Kale, nikataja barabara niliyokulia kando yake: Ndia Kuu. Insha ikarudi na duara jekundu juu ya neno "ndia", na pembeni pameandikwa "njia". Nilicheka kwanza. Jamani, lile ni jina la mtaa! Limo kwenye ramani wanazopewa watalii wakitoka Ngomeni. Nikaenda kwa mwalimu kumweleza. Alinisikiliza vizuri tu, akanirudishia alama ya jina la mtaa, lakini akasema katika aya ya tatu nimeandika "yuwala" na "mtele", na hayo hawezi kuyaachia. Nilikuwa nimemnukuu nyanyangu, neno kwa neno.

Chuo chenyewe sitakitaja, na mwalimu yule simlaumu sana. Alikuwa mwalimu mzuri, na alikuwa anafuata alichofundishwa. Ila tangu siku ile kuna swali limenikaa: nilikwenda kusomea Kiswahili miaka minne, na Kiswahili cha nyumbani kwetu nilikisoma wiki mbili. Kilikuwa ndani ya kozi ya lahaja. Lilichorwa jedwali: Kiamu huku, Kimvita hapa, Kiunguja pale, mishale ikaonyesha "ch" ya Unguja inakuwa "t" Mombasa, "nj" inakuwa "nd". Mchele, mtele. Kucheka, kuteka. Njoo, ndoo. Mwenzangu mmoja kutoka Kakamega, ambaye alinishinda kila mtihani wa sarufi, akanigeukia: "Hebu sema kitu kwa Kimvita." Nikakwama. Mtu hawezi kuambiwa hivi hivi aseme anavyoongea na bibi yake jikoni. Nikasema "mtele", darasa likacheka, tukaendelea na Kipemba.

Kisa cha jedwali lile kinajulikana, lakini kina kichekesho ambacho sijawahi kusikia mtu akikicheka. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika 1928, na ulifanyika wapi? Mombasa. Yaani wageni walikuja mpaka kisiwani kwetu, wakanywa chai yetu (nadhani), wakaamua kwamba lugha ya shule itakuwa ya kisiwa kingine. Wamishonari wa hapa walikuwa wamekipigania Kimvita. Krapf alijifunzia Kiswahili Mombasa kuanzia 1844, na kazi nyingi za mwanzo zilikuwa za lahaja hii. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na mengine ni vitabu vya kiada. Sisemi uamuzi ulikuwa wa kipumbavu. Ilibidi pachaguliwe pamoja, na bila uchaguzi ule pengine nisingeelewana na yule wa Kakamega. Ninachouliza ni kwa nini, karibu miaka mia baadaye, Kimvita kingali kinaingia darasani kama kipande cha mfupa kwenye kabati la makumbusho.

Maana yake ni hii: kama unataka kusoma Mombasa kwa Kimombasa, ndani ya chuo kikuu, itabidi upitie vitabu vya watu waliokuja kuchukua. Nimevisoma vinne vitano miaka hii, na kipimo changu kimekuwa kimoja. Naangalia mzee kakalishwa wapi. Jalada? Shukrani? Tanbihi?

Anza na Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki karibu 1840. Mashairi yake yangepotea lau si watu wawili: Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaeleza, na Padre William Taylor, aliyeyahifadhi. Diwani ilipotoka 1940, Johannesburg, mhariri alikuwa William Hichens. Sikujua ndiye aliyejua neno gani lina maana gani, utani gani ulimlenga nani, na leo hii mwanafunzi wa fasihi anaweza kumaliza shahada bila kulisikia jina lake. (Na jina lenyewe ni Sikujua. Mtu angetunga hivyo katika hadithi tungemwambia amezidisha.) Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya Muyaka, na hapo mambo yakabadilika. Abdulaziz anayarudisha mashairi mjini. Unaambiwa ugomvi wa Mazrui na Busaidi ulivyokuwa, Mombasa ilivyoanguka 1837, na ghafla beti ulizokariri shuleni kama mafumbo ya bahari zinageuka maneno ya mtu mwenye hasira na jirani zake. Hicho ndicho kitabu kilichonifanya nielewe kwamba Kimvita kilikuwa lugha ya siasa, ya matusi yenye adabu, ya sokoni. Kasoro yake moja kwangu ni kwamba maelezo yote ni kwa Kiingereza. Nyanyangu angeweza kuzisoma beti na asiweze kusoma zinavyoelezwa.

Halafu kuna *Philosophising in Mombasa* cha Kai Kresse, 2007. Nilikiendea na shingo upande. Mjerumani, barazani Kibokoni, anaandika falsafa? Nikajua tutapewa kahawa chungu na wazee wenye hekima wanaotazama bahari. Nilikosea. Kresse anawachukua watu watatu, Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir, na anawasoma kama unavyomsoma mwanafalsafa yeyote: alisema nini, alikuwa anabishana na nani, hoja yake inashika au haishiki. Ahmad Nassir ana *Utenzi wa Mtu ni Utu*, na shuleni tungeukatia vina na mizani tukamaliza. Kresse anauliza utu ni nini hasa, na kama kila mtu anao au lazima autende ndipo awe nao. Mpaka leo sijasoma uhakiki wa utenzi unaoniheshimu hivyo.

Lakini nina ugomvi nacho, na ni ugomvi wa mtaani. Wote watatu ni wanaume. Baraza ni la wanaume. Ukikaa barazani utakutana na fikra za wanaume, hilo halihitaji utafiti. Ukuta mmoja tu nyuma ya baraza, ndani, palikuwa na watu wanaobishana mambo mazito vile vile, juu ya mahari, juu ya nani aozwe nani, juu ya Mungu pia, huku mahamri yakiumuka. Kresse hakuweza kuingia huko, na ni haki asiingie. Ila msomaji akifunga kitabu asidhani amesikia mji mzima.

Nabhany anahitaji aya yake. Alizaliwa 1927, mtu wa Lamu, akaishi Mombasa, akafariki 2017. Tunamtania kwa "runinga" na "tarakilishi", maneno aliyoyabuni au kuyapigia debe, na wasee wa rika langu wanadhani hiyo ndiyo kazi yake yote. Nenda kasome *Sambo ya Kiwandeo*, iliyochapishwa Leiden 1979. Ni utenzi kuhusu jahazi: linavyoundwa, kila ubao na jina lake. Aliona mafundi wanapungua na maneno yanaondoka nao, akayafunga kwa vina yasikimbie. Alifanya vivyo hivyo kwa mnazi katika *Umbuji wa Mnazi*, 1985. Maprofesa wa Ulaya walikuwa wanapishana mlangoni kwake. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, naye ndiye aliyekuwa anawasahihisha wenye shahada.

Sasa mambo ya mbali kidogo, mniwie radhi. Kaskazini mwa Australia, Arnhem Land, kuna Wayolngu, na katika Chuo Kikuu cha Charles Darwin kumekuwa na masomo ya lugha na utamaduni wao tangu 1994. Kilichonivutia ni namna kozi ilivyopangwa: wazee wa Kiyolngu wenyewe ndio washauri, wanaamua kipi kifundishwe na kipi kibaki nyumbani. Na mwanafunzi anaanza kwa kujifunza ukoo, kile wanachokiita gurrutu, kwa sababu kwao huwezi kumsemesha mtu kabla hujajua wewe ni nani kwake. Niliposoma hilo nilimwona nyanyangu mlangoni. Hana haja ya jina lako. "Wewe mwana wa nani?" ndilo swali la kwanza, na mpaka lijibiwe hupati hata maji. Sisi somo hilo tunalo bure kila siku, na hakuna kozi iliyowahi kulifundisha kama mwanzo wa sarufi. Sijui kama la Darwin lingefaa kwetu moja kwa moja. Wayolngu ni maelfu kadhaa, Kiswahili kina mamilioni, na hakuna anayeweza kusema lugha hii inakufa. Ndiyo tatizo lenyewe. Kiswahili kinastawi mno kiasi kwamba Kimvita kinaweza kuondoka na hakuna atakayepiga yowe.

Kitabu nilichokiweka mwisho ndicho ninachokipenda zaidi. Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa *Three Swahili Women* mwaka 1989, na mwaka 1991 wakakitoa kwa Kiswahili, *Wanawake Watatu wa Kiswahili*. Fikiria hilo: maneno yalichukuliwa Mombasa na yakarudishwa yasomeke na wenyewe. Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wanasimulia maisha yao, majina yao kamili yamo, hakuna aliyeitwa "mtoa habari wa kike". Lelemama zimo, harusi zimo, waume waliooa na kuacha wamo. Mazungumzo yanakwenda yanavyokwenda mazungumzo, mtu anarudia, anasahau, anakasirika.

Na hapo ndipo kitabu kilipouma. Nilikuwa nimejijengea picha ya Kimvita kama lugha ya nyanya zetu, tamu, iliyodhulumiwa na wakubwa wa 1928. Bi Kaje alitoka katika ukoo wa kiungwana, katika Thenashara Taifa, watu waliokuwa na watumwa. Bi Mishi ni wa kizazi cha watumwa. Lahaja moja, mji mmoja, na kila mmoja anakumbuka Mombasa nyingine kabisa. Ile "wewe mwana wa nani" niliyoisifu juu hapo, sikiliza inavyolia masikioni mwa mtu ambaye jibu lake lilimshusha. Kwetu nyumbani maneno kama "mungwana" yalisemwa kama sifa ya tabia, na sikuwahi kuuliza kinyume chake kilikuwa nani. Sasa tukidai kozi ya Kimvita chuoni, na mimi naidai, ni Kimvita cha nani kitakachokuwa na kiti? Cha barazani? Cha Bi Kaje? Kozi ikikwepa swali hilo itakuwa tamasha la kanga na udi, na wanafunzi watapata alama nzuri.

Nyanyangu mwenyewe aliwahi kurekodiwa. Kabla sijazaliwa, kijana mmoja wa kizungu alikuja na redio ya kanda, akakaa alasiri tatu, akauliza mambo ya harusi. Nyanya anakumbuka kwamba alipenda mbaazi na hakujua kula kwa mkono. Jina lake kalisahau. Kanda sijui iliko. Nimetafuta kwenye orodha za maktaba za huko ninazoweza kuzifungua kwa simu, na sijui hata nitafute kwa neno gani, kwa sababu jina lake nyanya bila shaka halipo. Siku hizi anasahau. Mwaka jana alitafuta neno la ile kamba ya kitanda cha zamani, akalizunguka, akatafuta tena, akaniambia nimletee chai.

Nikajaribu kumrekodi mimi. Nikaweka simu juu ya meza, akaitazama kama panya. "Zima hiyo kwanza tule." Tukala. Baada ya kula akawa hana la kusema.

Kwa hiyo nikabadilisha. Nina nakala ya kivuli ya *Wanawake Watatu*, kurasa zimepinda, na Ijumaa baada ya alasiri namsomea. Nasoma vibaya, paa la nyumba nalitamka kama paa wa mwituni, kwa sababu shuleni hakuna aliyetufundisha kwamba la mwituni lina pumzi na la nyumba halina, na anasimamisha kila mara. Wiki iliyopita tulifika mahali Bi Kaje anaeleza mambo ya harusi. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akanyamaza, kisha akasema si hivyo, labda kwao wenye mali, kwa akina sisi ilikuwa hivi, na akaanza kueleza, dakika kama arubaini, bila kukwama neno hata moja. Simu ilikuwa chumbani inachaji. "Andika hapo pembeni," akasema, "andika kwamba mimi nimekataa." Nikatafuta kalamu. Akanisomesha alivyotaka iandikwe, na alipoona nimeandika "anakataa" akataka kujua huyo anayekataa ni nani, na yeye yuwakataa.