Makumbusho ya Kushika kwa Mikono

Makumbusho mengi humpokea mtoto kwa amri moja: usiguse. Mtoto huzunguka mikono nyuma, husoma maelezo ya ukutani, kisha hurudi nyumbani na majina ya vitu pasipo kuvielewa. Mwaka 1969 Frank Oppenheimer, mwanafizikia wa Marekani aliyepata pia kuwa mwalimu wa sekondari, alifungua mjini San Francisco jumba la sayansi liitwalo Exploratorium. Humo mtoto alitakiwa aguse.

Lakini kugusa peke yake si kujifunza. Yako makumbusho ambamo mtoto hubonyeza kitufe, taa ikawaka, naye akakimbilia kitufe cha pili. Mashine imefanya kazi yote. Kifaa kifundishacho ni kile kinachomwachia mtoto jambo la kubadili, apate kuona tofauti iliyoletwa na mkono wake.

Tuchukue mfano mmoja mashuhuri. Mtoto huketi juu ya kiti kinachozunguka, ameshika vishikio viwili vilivyotiwa katikati ya gurudumu la baiskeli liendalo kasi. Akiliinamisha upande mmoja, kiti humzungusha; akiliinamisha upande wa pili, humzungusha kinyume. Gurudumu likisimama, hata aliinamishe vipi, kiti hakimpeleki popote. Hakuna aliyemsukuma, basi mwendo ule umetoka wapi? Swali hilo amelizaa mwenyewe, na jibu lake hatalisahau upesi.

Hata hivyo, mshangao una kasoro yake. Mtoto aweza kutoka akicheka, asijue alichokiona. Ndiyo maana Exploratorium iliwaajiri vijana wa sekondari wakae kando ya vifaa, wawasaidie wageni kujaribu na kufikiri. Kijana huyo naye alijifunza, kwani amwelezaye mwenzake hulazimika kwanza kuelewa.

Hapo sisi walimu na wanafunzi wa Tanzania tunahusika moja kwa moja. Jumba kama lile ni la gharama. Gurudumu la baiskeli limo kijijini. Mwanafunzi anayekariri kanuni za mwendo kwa ajili ya mtihani, wala hajapata kulishika gurudumu hilo akajiuliza, amepewa maneno ya sayansi akanyimwa sayansi yenyewe. Watoto wetu huunda magari ya waya na kurusha tiara pasipo kufundishwa na mtu. Shule ikiyapokea maarifa hayo, ikayaongezea swali lililo sawasawa, sayansi itakuwa sehemu ya utamaduni wetu, kama zilivyo ngoma na mashairi.