Pointi Mbili Kigali, Pointi Moja London

Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, kocha wa kikapu wa timu ya mkoa wa Pwani hugeuka fundi cherehani aliyeletewa vipande vya vitambaa tofauti na kuambiwa ashone kanzu moja, tena iwe tayari kesho. Kipande kimoja kimetoka Kibaha, kingine Kisarawe, vingine Bagamoyo na Mkuranga. Mrefu wa shule hii amezoea kuganda chini ya kikapu akisubiri kuletewa mpira. Mwepesi wa shule ile amezoea kuudunda mpaka wenzake wasahau kwamba nao wanacheza. Kila mmoja ni mfalme kwao, na siku za kambi ni za kuhesabu kwa vidole.

Usidhani hayo ni ya watoto wa shule peke yao. Timu za taifa zenye wachezaji wa kulipwa zina tatizo hilohilo, ila kwa nauli kubwa zaidi. Tangu mwaka 2017, mechi za kufuzu za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, huchezwa katika madirisha ya siku chache: Novemba, Februari na katikati ya mwaka. Novemba na Februari msimu wa NBA umepamba moto, kwa hiyo nyota wa huko hawaji. Waliobaki wanatua kutoka ligi za Ulaya, Asia na Afrika, wanafanya mazoezi mara chache, wanaingia uwanjani.

Swali la safu hii ni moja: timu ya kukusanywa inajengwaje mpaka iwe timu? Jibu zuri kuliko yote limetoka kwa jirani zetu.

Mechi iliyowaacha Kenya njiani

Turudi Februari 2021, Yaoundé, Cameroon. Kenya wanacheza na Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11. Angola wanaongoza kwa pointi moja, mpira uko kwa Tylor Ongwae, aliyekuwa akicheza kikapu cha kulipwa Denmark. Anatupa, king'ora kinalia, mpira unaingia. Kenya 74, Angola 73. Nchi ambayo mara ya mwisho kucheza AfroBasket, kombe la Afrika la kikapu, ilikuwa mwaka 1993, mashindano yalipofanyika Nairobi kwao, ikarudi baada ya miaka 28.

Katika fainali za Kigali mwaka huohuo, Kenya wakiwa chini ya Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye AfroBasket kama kocha mkuu, waliifunga Mali 72–66. Kisha wakakutana na Sudan Kusini katika mechi ya kuwania robo fainali. Ilikuwa mechi ya kukabana koo, isiyo na pointi nyingi, na iliisha 60–58. Sudan Kusini wakapita.

Liweke akilini hilo: pointi mbili. Siku ile mtu asingeweza kusema kwamba timu moja ilikuwa mbali na nyingine. Miaka mitatu baadaye, Julai 2024, Sudan Kusini walikuwa London, katika mechi ya kujipima kabla ya Olimpiki, wakiitoa jasho Marekani ya LeBron James na Stephen Curry, na wakafungwa kwa pointi moja tu, 101–100. Kenya hawakufuzu Olimpiki.

Nini kilifanyika katikati

La kwanza ni kocha. Royal Ivey, aliyekuwa kocha msaidizi katika NBA, aliiongoza Sudan Kusini Kigali 2021, akaiongoza Kombe la Dunia 2023, akaiongoza Olimpiki 2024. Ni yuleyule, na istilahi zake ni zilezile. Mchezaji aliyekuwa China mwezi uliopita na yule aliyekuwa Australia walipokutana, hawakuanza na herufi A. Kenya walishika njia nyingine: Mills hakubaki, na mwaka uliofuata alikuwa akiifundisha AS Salé ya Morocco katika BAL, ligi ya klabu za Afrika. Timu ya siku chache ikibadili kocha, zile siku chache zinakwisha kwenye kufahamiana.

La pili ni nafasi moja ya kikanuni. FIBA inaruhusu kila timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Zipo nchi zinazoitumia nafasi hiyo kununua urefu: zinatafuta senta. Sudan Kusini urefu wanao wa kuuza. Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA aliyekuwa rais wa shirikisho lao na aliyegharamia kambi kwa fedha zake mwenyewe, na Ivey wake waliitumia nafasi hiyo kumpata mpanga mchezo, Carlik Jones, mzaliwa wa Marekani. Hawakujaza kapu lililojaa, walijaza lililo tupu. Katika Kombe la Dunia 2023 Jones alikuwa na wastani wa pointi 20.4 na pasi za mabao 10.4 kwa mechi, na hakuna aliyempita kwa pasi.

La tatu, na ndilo la uwanjani, ni uchache wa mambo. Kwa nilivyoitazama timu yake, Ivey hakubeba kitabu cha mbinu hamsini. Alichagua machache ambayo mtu mwenye akili ya mpira anaweza kuyashika kwa siku tatu, na akayarudia mpaka yakawa tabia. Matunda yake: ushindi 11 katika mechi 12 za kufuzu Kombe la Dunia. Kwenye fainali zenyewe, zilizokuwa za kwanza kwao, waliifunga China 89–69, Ufilipino 87–68, kisha Angola 101–78. Ushindi huo wa mwisho ndio uliowapa tiketi ya Olimpiki ya Paris kama timu bora ya Afrika. Ni Angola ileile ambayo Kenya walihitaji mtupo wa mwisho kuishinda.

Dakika 20 za London

Tuitazame kwa karibu nusu ya kwanza ya mechi ile ya London, Julai 20, 2024, ukumbi wa O2. Wakamaria walikuwa wameipa Marekani ushindi wa zaidi ya pointi 40. Mapumziko yalipofika ubao ulisomeka Sudan Kusini 58, Marekani 42.

Mpango wao ulikuwa huu. Wachezaji hutawanywa nje ya mstari wa pointi tatu, mita 6.75 kutoka kikapuni: wawili kwenye kona, wawili kwenye mbawa, mmoja juu katikati. Chini ya kikapu panabaki patupu kama uwanja wa mnada siku isiyo ya gulio. Kisha mmoja wa warefu anapanda juu kumwekea skrini beki anayemkaba Jones. Beki anajigonga kifuani, Jones anapita pembeni ya bega, na kuanzia hapo ulinzi wa mpinzani una maswali matatu ya kujibu kwa sekunde moja.

Senta wa mpinzani akibaki chini kulinda kikapu, Jones anatupa bila bughudha. Akipanda juu kumzuia, nyuma yake pamebaki wazi. Beki wa kona akiingia kuziba pengo, kona ameachiwa Marial Shayok. Siku ile Shayok alifunga pointi 24, nyingi kwa mitupo ya mbali. Jones alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na pasi za mabao 11. Namba hizo zinaonyesha mtu ambaye kila alipopenya alikuwa anasoma nani ameacha mlango wazi, na mara nyingi alimpa huyo.

Marekani walianza na Joel Embiid, senta wa zaidi ya mita mbili, mzito na mwenye nguvu. Mtu kama huyo chini ya kikapu ni mfalme. Mtoe nje mita saba akamkimbize mpanga mchezo, utakuwa umemvua kilemba.

Nusu ya pili Marekani walikaza, wakarudi mchezoni. Sekunde 20 kabla ya mwisho JT Thor aliwapa Sudan Kusini uongozi wa 100–99 kwa mtupo wa pointi tatu. Zikiwa zimebaki 8, LeBron akapenya na kuweka mpira kikapuni mwenyewe. Mtupo wa Jones wa kuirudisha timu yake mbele ulikataa. Wa Ongwae kule Yaoundé ulikubali. Mtupo mmoja kuingia au kukataa ni bahati ya siku. Kufika mahali ambapo mtupo mmoja unaamua kati yako na Marekani ni kazi ya miaka mitatu.

Marekani walivyojibu

Uchambuzi wa haki hauishii kwenye sifa. Siku 11 baadaye timu hizo zilikutana tena Lille, kwenye Olimpiki yenyewe, na Marekani wakashinda 103–86. Kocha Steve Kerr hakumchezesha Embiid hata dakika moja. Aliwatumia Anthony Davis na Bam Adebayo, warefu wenye miguu myepesi, wanaoweza kutoka nje na mpanga mchezo kisha wakarudi kuziba kikapu. Wale waliotakiwa kuvutwa nje walikwenda na bado wakawahi kurudi. Mapumziko ilikuwa 55–36. Nuni Omot, aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alifunga pointi 24, lakini maswali matatu ya London yalikuwa yamepata majibu.

Hapo ndipo kikomo cha mbinu kinapoonekana: mpango mzuri unakufikisha mlangoni kwa mkubwa, ila mkubwa akiamka na kukusoma, unahitaji mpango wa pili. Hata hivyo Sudan Kusini walikuwa tayari wameshaifunga Puerto Rico 90–79 katika mechi yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011.

Sisi na mrefu wetu

Tanzania nayo ilishakuwa na jina kubwa. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika usajili mzima wa chipukizi wa NBA, akaenda Memphis. AfroBasket ya mwaka huo haikuwa na Tanzania, wala ya 2011, wala ya 2013. Silaumu mtu. Nasema tu kwamba nguzo moja ndefu si nyumba. Senta anahitaji mpanga mchezo wa kumlisha na watupaji wawili wa kona wa kuwazuia mabeki wasimrundikie. Hao hawatoki Marekani, wanatoka shule za sekondari.

Na umri si kisingizio. Khaman Maluach, aliyekuwa Paris na timu ya Sudan Kusini akiwa na miaka 17, alianza kikapu akiwa na miaka 13 nchini Uganda, alikokulia. Thabeet naye alianza akiwa kijana tayari. Pia ukumbi si kisingizio: Sudan Kusini walifika Olimpiki bila kuwa na uwanja wa ndani nyumbani.

Nimesimama pembeni ya viwanja vya saruji vya Kibaha na Kisarawe, mistari imefifia, pete haina wavu, mpira umelainika kwa vumbi hadi unateleza mkononi. Pale panakosekana mengi, lakini la London linawezekana. Chukua chaki. Weka alama tano: kona mbili, mbawa mbili, moja juu. Kanuni ya kwanza: kila alama iwe na mtu, na anayetoka ajue nani anaijaza. Ya pili: anayepenya akiona beki wa kona ameingia, mpira uende kona bila kufikiri. Ya tatu ni ya ulinzi: ikija skrini, mmoja apaze sauti "badili!" na wawili wabadilishane watu wa kukaba. Mwalimu ahesabu kwa sauti mpaka 24, sekunde za shambulio moja. Dakika 30, mara tatu kwa wiki.

Ombi langu ni kwa walimu wa michezo wa wilaya zote za Pwani: kaeni siku moja, andikeni mambo hayo matatu kwenye karatasi moja, kwa maneno yaleyale, na kila shule ibandike yake ukutani. Mtoto wa Kisarawe akifika kambini, "badili" ya mwenzake wa Kibaha iwe ndiyo ileile aliyoizoea kwao. Kocha wa mkoa hataongezewa siku za kambi. Atakuta tu kitambaa kimeshakatwa kwa kipimo kimoja, yeye kazi yake iwe kushona.