Kuhesabu Mabaki ya Nyota

Watu huisifu darubini kwa picha zake. Kazi ya kuchunguza mabaki ya nyota zilizolipuka mimi naisifu kwa kitu kisichoonekana pichani: hesabu.

Gesi ya mabaki hayo huwa na joto la mamilioni ya nyuzi, na joto hilo huifanya itoe eksirei. Angahewa yetu huizuia mionzi hiyo, kwa hiyo anayeitaka hana budi kuifuata huko huko juu. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei ya angani, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei.

Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa angani mwaka 1999, ina macho makali zaidi. Eksirei ikikigonga kioo usoni humezwa. Ndiyo maana vioo vyake vimeundwa kwa umbo la pipa, kimoja ndani ya kingine, ili mionzi ivipitie kwa ubavu, kama kijiwe bapa kirukavyo juu ya maji.

Halafu huja kuhesabu. Fotoni, yaani chembe moja ya mionzi, iliyotoka kwenye silikoni ikitua kwenye kigunduzi huzalisha elektroni takriban 500. Ile kali ya chuma, takriban 1,800. Kwa kila fotoni chombo huandika imetua wapi, lini, na kwa nishati gani. Mwaka 2004 watafiti walitangaza picha ya mabaki ya nyota yaitwayo Cassiopeia A, iliyokusanywa hivyo, fotoni moja moja, kwa sekunde milioni moja.

Mavuno ya subira hiyo si madogo. Chuma huundwa ndani zaidi ya nyota, silikoni juu yake. Lakini katika Cassiopeia A, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 11,000, kuna sehemu ambako chuma kimetangulia nje na silikoni imebaki nyuma. Mlipuko uliipindua nyota ndani nje, na watafiti wa nadharia ikawabidi waufuate ushahidi.

Rangi za picha huchaguliwa na mtafiti, kwani eksirei haina rangi machoni petu. Idadi ya fotoni haichaguliwi na mtu. Data ya Chandra huwekwa wazi kwenye hifadhi yake. Asiyeamini apakue, ahesabu upya. Ufundi unaojianika hivyo mbele ya mpinzani wake umestahili sifa.