Siku mbili, simu moja
Filamu ya vijana wa bloku yetu, dakika saba, ilirekodiwa kwa simu moja na kuhaririwa ndani ya saa 48, kama yale mashindano yaliyoanzia Washington mwaka 2001. Sauti mbovu: upepo wa Kakuma umemeza nusu ya maneno. Hilo nasamehe. Lakini yule mama wa foleni ya maji, anayesogeza mtungi wa lita 20 kwa mguu huku anamsuka mwanawe nywele, jamani! Hapo kamera imetulia, hakuna anayeigiza. Halafu mwishoni kijana anatuhutubia juu ya amani. Nani kawaambia kwamba wafadhili wanataka hotuba? Muda umebana, betri inaisha, na bado wakatumia dakika mbili kutueleza tulichokwisha kuona. Wangemrudia tu yule mama, mtungi wake ukijaa.